Mapovu kwenye bilauri ya mjomba

Mjomba wangu alikuwa broka wa dhahabu hapa Mwanza tangu kabla sijazaliwa hadi magoti yalipomkatalia kupanda ngazi. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja ghorofani, si mbali na Makoroboi: meza, sefu ya kijani, feni iliyokwisha kukata tamaa, mizani ya kidijitali ndani ya boksi la kioo, na bilauri ya maji. Bilauri ya kawaida tu, ya kunywea juisi. Nilipomaliza kidato cha sita, mama alinipeleka pale nisubirie matokeo, kwa sababu kwa hesabu zake binti anayekaa nyumbani miezi kadhaa bila kazi huishia kwenye tamthilia. Nikawa mwandishi wa daftari la mjomba, na baada ya wiki mbili nikawa mpimaji wake.

Baadaye nilisoma fizikia, nikaenda ng'ambo, nikakaa miaka sita kwenye maabara moja yenye akselereta ya elektroni, yaani mashine ya kuzisukuma elektroni ziende kasi. Kazi yangu ilikuwa moja tu kwa miaka yote hiyo: kupima polaraizesheni ya mwale wa elektroni (ni kitu gani, nitaeleza mbele), na kuipima kwa kosa lisilofika asilimia moja. Watu wakiniuliza nilijifunzia wapi kupima, hutaja vyuo. Vyuo vilinipa hesabu. Kupima nilifundishwa pale kwenye bilauri.

Wachimbaji wadogo walikuja kutoka upande wa Geita, enzi zile daraja halijajengwa, wakivuka kwa kivuko cha Kigongo na Busisi, vumbi hadi kwenye kope. Mzigo waliokuja nao ungeweza kutosha kwenye kifuniko cha soda. Dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki, zebaki ikishachomwa, hubaki kama sponji yenye matundu. Mjomba hakupima sponji hata siku moja. Aliiyeyusha kwanza kwa moto wa gesi ikawa kitonge, kikapoa, halafu kikapimwa mara mbili: kikavu juu ya mizani, kisha kikining'inia kwa uzi ndani ya maji. Uzito unaopotea majini unakupa ujazo. Unagawanya, unapata densiti. Dhahabu tupu ina gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo, fedha 10.5, shaba karibu 9.

Kuna kitonge ninachokikumbuka kwa namba zake: 38.60 hewani, 36.40 majini. Zimepotea gramu 2.20, kwa hiyo densiti ni 17.5 na ushee. Nikaangalia jedwali lililobandikwa ukutani, nikaandika asilimia 88.

"Themanini na nane kwa mchanganyiko gani?" mjomba akauliza bila kuinua macho kwenye simu yake.

"Jedwali ndivyo linavyosema, mjomba."

"Jedwali limeambiwa kilichomo ni fedha. Wewe umeambiwa na nani?"

Usiku ule nilikaa na kikokotoo nikarudia hesabu. Kama kilichochanganyika na dhahabu ni fedha, kama ilivyo kwa dhahabu nyingi inayotoka ardhini, jibu ni 88. Kama kuna mtu kaweka shaba, kitonge kilekile na maji yaleyale yanatoa 91. Kwenye gramu 38 hiyo ni pesa ya kulipa ada. Maji hayakudanganya mahali popote. Yaliulizwa densiti yakajibu densiti, asilimia tuliiongeza sisi wenyewe.

Halafu kulikuwa na mapovu. Kitonge kikizama, vipovu vya hewa hushika kwenye makunyanzi yake, na kila kipovu hukibeba juu kidogo. Hewa ya ukubwa wa punje ya mtama, tuseme sentimita za ujazo 0.02, inatosha kuifanya ile 2.20 kuwa 2.22, na 88 ikashuka chini ya 87. Anayefaidika hapo ni mnunuzi. Mjomba alikuwa na brashi ndogo ya rangi, ya watoto wa shule, ambayo kazi yake ilikuwa kupangusa kitonge ndani ya maji na hakuna kingine. Alinisimulia kwamba mabroka wengi wanayo brashi, lakini wanaikumbuka pale mteja anapoanza kulalamika. "Namba ikikupendeza," alisema, "mkono hauendi kwenye brashi."

Basi, elektroni.

Simama pale mwaloni Kirumba jioni upepo ukitoka ziwani. Mitumbwi iliyotia nanga hujigeuza yenyewe, karibu yote ikaelekeza omo, yaani sehemu ya mbele, kule upepo unakotoka. Michache, kwa sababu ya kamba au mwamba, inabaki imegeukia nyuma. Ukihesabu mia ukakuta 94 zimeelekea ziwani na 6 zimeelekea mjini, unatoa 6 kwenye 94, unapata 88. Hiyo ndiyo polaraizesheni: asilimia 88. Kila elektroni ina kitu kinachoitwa spini, ambacho kwa mambo yetu unaweza kukichukulia kama omo yake. Mwale wa kawaida una nusu mbele na nusu nyuma, yaani sifuri. Sisi tunataka mwale ambao wengi wanatazama upande mmoja, na tunataka kujua wengi kiasi gani.

Nilipomweleza mama hivi kwa simu, alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo kazi yako ni kuhesabu zinazotazama mbele."

"Ndiyo, mama."

"Na wanakulipa?"

Wanalipa kwa sababu kuna majaribio yanayoning'inia kwenye namba hiyo. Kani dhaifu, ile inayohusika na aina fulani za unururifu, haizitendei sawa elektroni zinazozunguka kushoto na zinazozunguka kulia. Ukirusha za kushoto kwenye shabaha, kisha za kulia, zinazotawanyika hazilingani idadi. Jambo hilo lilionekana kwa elektroni mwaka 1978 pale kwenye maabara ya SLAC, California, wakati polaraizesheni ya mwale ilikuwa kama asilimia 37 tu. Tofauti yenyewe ni ndogo ajabu. Jaribio la Qweak, lililofanyika Jefferson Lab kule Virginia, lilitangaza mwaka 2018 tofauti ya sehemu 226.5 kwa bilioni, na mashaka, yaani kiasi ambacho namba inaweza kuwa imekosea, ya 9.3. Linalofuata palepale, liitwalo MOLLER, linakwenda kutafuta tofauti ya kama sehemu 33 kwa bilioni.

Ugumu ni kwamba unachokiona kwenye vigunduzi ni tofauti halisi ikiwa imezidishwa kwa polaraizesheni. Lazima ugawanye. Ukiikosea polaraizesheni kwa asilimia moja, jibu lote limekosewa kwa asilimia moja, hata kama umehesabu elektroni miaka miwili bila kufumba jicho. (Nikisema asilimia moja hapa nina maana sehemu ya mia ya namba yenyewe. Kwenye fani hii watu wamewahi kukasirikiana kwa kutofafanua hilo.) Ndiyo maana waliopanga MOLLER wanataka polaraizesheni ijulikane kwa asilimia 0.4. Nilipoisikia namba hiyo mara ya kwanza nilifikiri mzungumzaji amekosea nukta.

Elektroni zenyewe zinazaliwa kwa leza. Unamulika kristali ya arsenidi ya galiamu kwa mwanga ambao mtetemo wake unazunguka kama parafujo, na elektroni zinazochomoka zinarithi mzunguko ule. Kristali nene ya kawaida haiwezi kuvuka asilimia 50, ni sheria ya ndani ya kristali yenyewe. Ikitengenezwa kwa matabaka membamba yaliyonyooshwa kidogo, inafika 85 hadi 90. Ukigeuza mzunguko wa mwanga, unageuza spini, na mashine hufanya hivyo mamia ya mara kwa sekunde. Sehemu hiyo wenzetu wa upande wa leza waliimudu vizuri, sina la kuongeza.

Kuzipima ndiko kulikonikalisha miaka sita. Njia zinazotumika hasa ni tatu, na ukiziangalia kwa jicho la broka utaona kila moja ina maji yake na mapovu yake.

Ya kwanza imebeba jina la Nevill Mott, aliyeandika nadharia yake mwaka 1929. Unarusha elektroni zikiwa bado na nishati ndogo kwenye utandu mwembamba wa dhahabu, unahesabu ngapi zimerudi kushoto na ngapi kulia. Nilipoelezwa hilo nilicheka peke yangu kwenye mkutano. Nimevuka bahari kuikimbia dhahabu, nikaikuta imekaa ndani ya ombwe inanisubiri. Tatizo lake ni unene: elektroni ikigonga atomu zaidi ya moja kabla ya kurudi, habari ya spini inachujuka. Kwa hiyo unapima kwa tandu za unene tofauti, unachora mstari, unaufuata mpaka unene wa sifuri, ambao haupo duniani. Na kipimo hiki kiko mwanzoni mwa mashine. Elektroni zina safari ndefu bado, na spini zinageuka njiani kila sumaku inapozikunja.

Ya pili ni ya Møller (hii ni njia ya kupimia, si lile jaribio la MOLLER). Hapa mwale unagonga elektroni zilizomo ndani ya utandu wa chuma kilichosumakishwa. Lakini atomu ya chuma ina elektroni 26, na zinazokubali kupangwa na sumaku ni kama mbili tu. Shabaha yako ina polaraizesheni ya asilimia 8 hivi, na ni lazima uiamini hiyo 8 kwa moyo wote. Ndipo watu wakaweka sumaku kali ya tesla 3 au 4 ili chuma kishibe kabisa, kisiwe na hiari. Juu ya hilo, mwale mkali unakipasha chuma joto na usumaku unapungua, hivyo unapima kwa mkondo mdogo, labda mikroampea moja au mbili, wakati jaribio lenyewe linaendeshwa kwa mkondo mara mia ya huo. Na ukipima, jaribio linasimama. Ni kama kumpima mgonjwa presha amelala, kisha uandike kwamba hiyo ndiyo presha yake akiwa amebeba gunia.

Ya tatu, ya Compton, ndiyo ilikuwa yangu. Mwale wa elektroni unakutana na mwanga wa leza ya kijani unaokuja uso kwa uso. Elektroni yenye nishati ya kama GeV 1 (elektroni-volti bilioni moja) ikiigonga fotoni, yaani chembe ya mwanga, fotoni inarudi na nishati zaidi ya mara milioni 10 ya ile iliyokuja nayo. Inayogongwa ni elektroni chache mno kiasi kwamba jaribio halihisi chochote. Unapima muda wote, kwa mkondo kamili. Uzuri ulioje. Isipokuwa kwamba sasa lazima ujue polaraizesheni ya leza pia, mahali palepale elektroni zinapopita, ndani ya bomba la ombwe, kati ya vioo viwili ambavyo mwanga unaruka huku na huko maelfu ya mara. Hakuna mkono unaofika pale.

Jefferson Lab waliwahi, mwaka 2000, kuzipanga polarimita zao tano, yaani vipimio vya polaraizesheni, zipime mwale mmoja huku spini ikizungushwa makusudi. Zoezi hilo waliliita ngoma ya spini. Zote tano hazikusoma sawa. Mimi ripoti hiyo niliisoma mwaka wangu wa kwanza nikaiona kama historia ya watu wa kale. Zamu yangu ilikuwa njiani.

Msimu wa tatu kwenye ile maabara, Compton yangu ilikuwa inasema 86.1. Møller, iliyokuwa mikononi mwa kikundi cha jirani, inasema 88.0. Kila mmoja wetu alidai mashaka yake hayafiki sehemu moja ya mia. Ilibidi nitoe namba moja kwa ajili ya mkutano wa Ijumaa. Nikafanya kile ambacho sasa naona aibu kukiandika: nikachukua katikati, 87.1, nikapanua mashaka kidogo yafunike pande zote mbili, nikachora grafu yenye rangi nzuri.

Mkuu wa kikundi, mzee mpole aliyevaa sweta moja mwaka mzima, aliitazama ile grafu kwa muda. Akaniuliza kama 86.1 si sahihi, kosa liko wapi. Nikasema sijui. Na kama 88.0 si sahihi? Sijui pia. Akasema basi ile 87.1 ni namba pekee kati ya hizo tatu ambayo hakuna chombo kilichowahi kuisoma. Akaomba chai.

Nilirudi chumbani kwangu na baridi yao ile, nikawa nakumbuka kitonge. Themanini na nane kama ni fedha, tisini na moja kama ni shaba. Je, kuna siku mjomba aliandika 89 na nusu? Hakuna kitonge chenye mchanganyiko wa kusitasita. Ama kuna fedha ama kuna shaba, na kama zimo zote mbili unakwenda kutafuta ni kiasi gani. Katikati ya majibu mawili ni mahali pa kukaa mtu aliyechoka.

Wiki sita zilizofuata hazikuwa na utukufu wowote. Tulianza kwa kushuku chuma, kwa sababu kila mtu hupenda kushuku cha jirani. Tukapima kama mkondo mdogo na mkubwa vinatoa polaraizesheni tofauti kweli, hapana. Tukashuku kigunduzi, tukashuku mwale umehama nusu milimita. Nilijaza madaftari mawili. Kosa lilipopatikana lilikuwa kwenye jambo nililolipima mwenyewe na kulisaini kwa mkono wangu.

Polaraizesheni ya leza niliipima bomba likiwa wazi. Niliingiza kipimo mahali pale mwale unapopita, nikasoma asilimia 99.8 ya mwanga wa mduara (ule unaozunguka kama parafujo), nikafurahi, nikafunga, pampu zikavuta hewa yote. Sasa fikiria lile dirisha la kioo ambalo leza inaingilia. Kabla ya pampu, hewa iko pande zote mbili. Baada ya pampu, hewa ya nje inalisukuma kwa nguvu zake zote na ndani hakuna kinachosukuma kurudi. Kioo hakivunjiki, wala huoni kikibonyea kwa macho. Lakini kimekazwa, na kioo kilichokazwa kinaucheleweshea mwanga upande mmoja kuliko mwingine. Mduara unaoingia unatoka ukiwa yai. Kwenye bomba lililofungwa, mwanga wangu haukuwa 99.8. Ulikuwa 97.8.

Na ujanja wake ni kwamba yai hilo ni gumu kulitambua. Mwanga ukiwa na masalio ya mtetemo wa mstari asilimia 20, bado mduara wake ni asilimia 98, kwa sababu hivyo viwili vinajumlishwa kwa mraba. Karibu na kilele, makosa makubwa yanajificha kama madogo.

Njia ya kulikamata bila kuingia ndani ipo, na nilipoielewa nilitembea huku na huku kwenye korido kama mwendawazimu. Kioo cha kwanza kati ya vile viwili hurudisha sehemu ya mwanga kupitia dirisha lilelile na lenzi zilezile ulizoingilia. Kanuni za mwanga ni zilezile kwenda na kurudi. Kama mwanga ulikifikia kioo ukiwa mduara kamili, ukirudi unaelekezwa wote njia ya pembeni, na kwenye kijicho fulani cha nyuma kunakuwa giza. Kama ulikuwa yai, kijicho kinaona mwanga kidogo. Kwa hiyo huhitaji kulijua dirisha lina kasoro gani. Unazungusha vipande vya kuratibu mwanga, nje, mezani kwako, mpaka kule nyuma kuwe giza. Ukipata giza, ndani pale usipofika pana mduara. Saa tisa usiku, taa zimezimwa, nilikuwa nazungusha kishikizo kwa vidole viwili na namba kwenye skrini inashuka, inashuka, inagoma, inashuka tena.

Takwimu za zamani tulizirekebisha kwa 97.8 badala ya 99.8, na 86.1 ikapanda kuwa 87.9. Møller ilikuwa 88.0. Watu walipiga makofi kabisa. Ilikuwa Desemba, kila mtu ana tiketi ya kwenda kwao. Mzee wa sweta alinipa mkono.

Na mimi, sijui ni sauti ya nani, nikaona brashi imelala mezani na mkono wa mtu hauendi.

Maana tulitafuta makosa wiki sita namba zilipotuudhi. Zilipopatana tuliacha kutafuta dakika ileile. Hakuna aliyesema "tumemaliza orodha". Tulichomaliza ni hasira. Orodha ya vitu vya kukagua ilikuwa na mistari 31, nimekwenda hadi wa 19, ndio uliokuwa wa dirisha. Nikamwomba mwenzangu wa Møller anipe muda kwenye data zake. Alikubali kwa uso wa mtu anayeombwa kufungua begi ambalo ameshalifunga.

Mstari wa 24 ulihusu muda wa kufumba macho. Kigunduzi kikihesabu elektroni moja, kwa nanosekunde kadhaa hakioni nyingine. Upande wenye elektroni nyingi unapoteza nyingi zaidi, kwa hiyo tofauti kati ya pande mbili inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Kila mtu anajua hilo, na marekebisho yalikuwamo kwenye programu. Ila namba iliyokuwa kwenye faili ilikuwa ya kifaa kilichokuwa kimetolewa na kubadilishwa miezi minane nyuma. Kifaa kipya kilifumba macho muda mrefu zaidi. Tukarekebisha, na Møller ikapanda kutoka 88.0 hadi 88.4.

Kwa hiyo nilikuwa nimeyatenganisha tena majibu yaliyokuwa yamepatana vizuri. Nusu sehemu kati yao. Ilikuwa bado ndani ya mashaka ya kila upande, hakuna aliyeweza kusema zinagombana, lakini ule uzuri wa 87.9 na 88.0 ulikufa, na mtu mmoja, sitamtaja, aliniuliza kwa nini sikuweza kuacha mambo yalivyo. Sikuwa na jibu la kitaalamu. Ningemwambiaje habari za bilauri ya juisi Makoroboi?

Mistari saba iliyobaki haikuleta kitu. Namba zilitoka hivyohivyo, na mashaka yaliyoandikwa kando yake yalikuwa makubwa kidogo kuliko watu walivyotaka. Hiyo ndiyo sehemu ya tasnifu yangu ninayoweza kuisoma leo bila kuruka kurasa.

Sasa nafundisha hapa Mwanza. Wanafunzi wangu hawana akselereta, wana mizani, saa na uzi, na nimegundua inatosha kwa karibu yote ninayotaka kuwaambia. Kila muhula nawapa kipande cha shaba na bilauri, sisemi lolote kuhusu mapovu, nasubiri. Anayepata densiti ndogo hurudia mara tatu, nne. Anayepata karibu na 9 hufunga daftari. Nampa swali la ziada yule aliyefunga daftari, na hanipendi.

Mwezi uliopita tulikuwa nyumbani kwa mjomba, Nyegezi, chini ya mwembe. Magoti yamemshinda lakini masikio yako salama. Binamu yangu ndiye broka siku hizi, na amenunua ile mashine ya mkononi kama bunduki inayopiga dhahabu kwa eksirei na kukusomea asilimia papo hapo. Alikuja nayo kutuonyesha. Akatafuta kitu cha kuijaribia, akaona bangili ya mama, ile aliyorithi kwa bibi mzaa baba.

"Shangazi, naomba mara moja tu."

Akaigusisha, sekunde chache, skrini ikaandika 91.2. Akatugeuzia wote tuone.

Mjomba akasema, "Lete bilauri."

Binamu akacheka, lakini akaenda. Mizani alikuwa nayo kwenye gari. Nikafunga uzi mimi. Hewani 24.15. Tukaizamisha, na kabla sijasoma nikaona kidole cha mjomba kinafanya ishara hewani, kama mtu anayepaka rangi. Brashi hatukuwa nayo. Nikachukua unyoya wa kuku pale chini, nikausafisha, nikapangusa bangili ndani ya maji mpaka kipovu cha mwisho kikaachia. Majini 22.65. Zimepotea 1.50, densiti 16.1. Kama kilichomo ni fedha, hiyo ni asilimia 76. Kama ni shaba, 83.

"Bunduki inaona ngozi tu," nikasema. "Mikroni chache za juu. Maji yanaona yote, ila hayajui ndani kuna nini."

"Ama imepakwa," alisema mjomba, "ama ina uwazi katikati."

Binamu alikuna kichwa. "Basi tuchukue katikati, dada. Themanini na saba."

Mimi na mjomba tulisema "hapana" kwa pamoja, kwa sauti iliyowashtua kuku. Mjomba alikuwa ameshanyoosha mkono kwa mjukuu wake. "Kaniletee tupa kule stoo. Tuikwangue kidogo kwa ndani, tuone rangi yake."

Mama alinyanyuka, akatia mkono kwenye bilauri, akaitoa bangili na uzi wake, akaivaa ikiwa inachuruzika maji.

"Nani kati yenu," akasema, "amesikia kwamba nauza?"